Daftari la Raga: Namna ya Kufuata Msimu wa Daraja la Pili la Uingereza Ukiwa Lamu

Duka langu liko mbele ya bahari, Lamu mjini. Nauza misumari, kamba, pamba ya kalafati, rangi, na sifa, yale mafuta ya samaki, kwa wale ambao bado wanapaka vyombo vyao kizamani. Kwenye droo nina madaftari mawili ya jalada moja. Moja ni la madeni ya manahodha. La pili ni la raga ya Uingereza, daraja la pili. Siku moja nilimfungulia mteja lisilo lake nikamsomea, "Bedford, thelathini na moja." Akauliza Bedford ni chombo cha nani, na mbona kinadaiwa kidogo hivyo.

Kenya ukitaja raga, watu hukumbuka Shujaa, wale wa saba kwa saba walioichapa Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore mwaka 2016. Ile ni dakika 14 na imekwisha, chai yako bado moto. Ninayoisemea mimi ni ya watu 15 kila upande, dakika 80, kuanzia Septemba au Oktoba mpaka watu wa huku tumeshaanza kuvuta vyombo pwani kuogopa upepo wa kusi. Mechi zake nyingi huzioni kwenye televisheni yoyote ya mtaani. Ligi kuu ya kule mtu yeyote mwenye king'amuzi ataifuata. Hii ya pili inataka kazi, na kazi yenyewe ni ya daftari.

Chagua timu kwanza

Usianze na jedwali. Ukianza na jedwali utaipenda timu iliyo juu, na ligi hii ina ugomvi wake na timu zilizo juu, nitafika huko.

Mimi nilichaguliwa. Mgeni mmoja aliingia dukani kutafuta kamba akaniona nimebandika ukutani jedwali la kujaa na kupwa kwa maji. Akasema kwao ni Jersey, kisiwa kidogo karibu na Ufaransa, na kwamba siku za bamvua kubwa maji yao hupanda na kushuka mita 12. Nikamwangalia. Sisi hapa bamvua ya kutisha ni mita tatu na kitu. Nikadhani ananichezea, lakini usiku nilitafuta kwenye simu nikakuta ni kweli tupu. Kabla hajaondoka aliniambia kisiwa chao kina timu ya raga, Jersey Reds, na kwamba kila mechi ya ugenini lazima wavuke maji. Mtu wa Lamu ambaye hata kwenda kufufua leseni ya gari ni mpaka apande boti hadi Mokowe hahitaji kuambiwa zaidi. Hao walikuwa wetu.

Jersey leo hawamo, kwa hiyo wewe tafuta wako. Ukiwa mtu wa bahari nakupendekezea Cornish Pirates, wanaocheza uwanja wa Mennaye mjini Penzance, ncha ya kusini-magharibi kabisa ya Uingereza. Kutoka kwao hadi kwa Doncaster, wapinzani wao wa kaskazini, ni zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo shida ya basi la alfajiri wanaijua kama sisi. Ukipenda watu wa kazi, wapo Caldy, karibu na Liverpool, ambao wachezaji wao Jumatatu hurudi kwenye ajira zao kama sisi wengine. Ukipenda ukongwe, Coventry wapo tangu 1874. Richmond ni wa 1861, nao wanatumia uwanja mmoja na London Scottish, kama wake wenza wa nyumba moja. Siku wanayokutana wao kwa wao sijui ni nani anayefagia.

Timu moja inatosha. Ya pili weka ya kuichukia, inasaidia Januari.

Daftari lenyewe

Nunua daftari la hesabu, lile la mistari ya wima. Kila timu ipe ukurasa wake, hata zile usizozijali, maana bila wao hesabu ya timu yako haina mizani. Msimu wa 2025–26 ligi imepewa jina jipya, Champ Rugby, na timu zimekuwa 14 badala ya 12. Kila moja inacheza mechi 26, nyumbani na ugenini, kisha sita za juu zinaingia mchujo. Kwa hiyo kurasa 14, na ya kumi na tano uiache kwa jedwali utakalolichora upya kila Jumapili.

Utaniuliza, jedwali si lipo kwenye mtandao? Lipo. Hata bei ya misumari ipo kwenye mtandao. Usipoandika kwa mkono wako hutaona timu ikiteleza, utaona tu kwamba imeanguka.

Hesabu yake ni hii. Ushindi ni pointi 4 za jedwali, sare 2, kushindwa 0. Hapo hakuna jipya. Utamu uko kwenye nyongeza. Timu ikifunga trai nne au zaidi (trai ni kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani), hata kama imeshindwa, inapewa pointi 1. Na ikishindwa kwa tofauti ya alama 7 au pungufu, inapewa 1 nyingine. Tuseme mechi imeisha 31-26, na kila upande umefunga trai nne. Mshindi anachukua 5. Aliyeshindwa anachukua 2, sawasawa na mtu aliyetoka sare! Fanya hesabu ya majuma kumi ya namna hiyo uone. Nimewahi kuona timu ikishindwa Jumamosi na bado ikapanda nafasi moja, na nilipomweleza shemeji yangu aliniuliza kama daftari la madeni nalo nalifanya hivyo.

Juu ya kila ukurasa andika safu tano tu: tarehe, nyumbani au ugenini, alama, trai, pointi. Usiongeze safu ya maoni. Niliijaribu msimu mmoja nikajikuta naandika matusi.

Kusoma alama bila kuona mpira

Hapa ndipo penye raha yangu, na nitakaa kidogo. Kwa kuwa mechi nyingi utazipata kama tarakimu mbili kwenye simu, lazima ujifunze kuzisoma tarakimu kama nahodha anavyosoma mawingu.

Trai ni alama 5. Mkwaju unaofuata trai, ukipita katikati ya milingoti, ni 2. Mkwaju wa penalti ni 3, na ule wa kudondosha mpira na kuupiga ukiwa mchezoni ni 3 vilevile. Basi. Kila alama unayoiona imetokana na hizo. Kwa hiyo 1, 2 na 4 haziwezekani kabisa kwenye raga. Ukiona timu ina 4, mwandishi ameteleza.

Sasa chukua 9-6. Hayo ndiyo matokeo ya mechi ya kwanza ya fainali ya mwaka 2010, Exeter nyumbani dhidi ya Bristol, msimu wa kwanza wa ligi hii kwa muundo ule. Tisa huipati kwa trai kwa namna yoyote. Jaribu: 5 ukitoa kwenye 9 inabaki 4, na 4 haipatikani, 7 ukitoa inabaki 2, na 2 haisimami peke yake. Kwa hiyo ni mikwaju mitatu ya alama tatu. Sita nayo ni mikwaju miwili. Bila kuona hata picha moja unajua: hakuna aliyevuka mstari dakika zote 80, na watu walitoka pale wamechubuka. Marudiano Exeter walishinda 29-10 kwa Bristol wakapanda ligi kuu, na miaka kumi baadaye, 2020, walikuwa mabingwa wa Ulaya. Nikiambiwa daraja la pili ni la kupoteza wakati, huyafungua hayo.

Chukua nyingine. Machi 6, 2021, Saracens, waliokuwa wameshushwa kwa kuvunja sheria ya kikomo cha mishahara, walikwenda Penzance kucheza na Pirates. Matajiri wa Ulaya wameshuka kwa wavuvi. Matokeo: Pirates 25, Saracens 17. Nenda kwenye daftari. Je, Saracens walipata pointi ya trai nne? Trai nne ni alama 20 kwa uchache, wao wana 17, haiwezekani. Je, ya kushindwa kwa karibu? Tofauti ni 8, imepita kwa alama moja. Sifuri. Walirudi mikono mitupu, na sikuhitaji picha kulijua hilo. Nilipiga meza mpaka kopo la misumari ya inchi mbili likamwagika, na nusu saa nzima nilikuwa chini naokota.

(Saracens baadaye waliwafanyia Ealing wa London ukatili kwenye fainali, 60-0 kisha 57-15. Hilo liandike haraka upite.)

Ukitaka kujua alama moja ina uzito gani, kumbuka fainali ya 2015. Worcester na Bristol walicheza mara mbili, dakika 160 kwa jumla, Worcester wakapanda kwa 59-58.

Saa, adhana na bando

Hili limenigharimu, kwa hiyo lisome mara mbili. Uingereza hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba na huipeleka mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Sisi hatuna mambo hayo. Mechi inayoanza saa tisa mchana kwao, kabla ya Oktoba hiyo kwisha huku ni saa kumi na moja jioni. Baada yake ni saa kumi na mbili.

Mwaka wa kwanza sikujua. Nilinunua bando la saa moja kwa ajili ya mechi iliyokuwa na matangazo ya klabu, nikafunga duka mapema, nikakaa na kahawa yangu. Skrini ikanionyesha nyasi. Nyasi na seagull mmoja, yule ndege wa bahari kama membe wetu, anatembea katikati ya uwanja kama mwenye hati ya kiwanja. Nikadhani wamechelewa. Dakika ya 58 wachezaji wakatoka kupasha misuli, na dakika ya 60 bando likakata.

Kwa hiyo: ukurasa wa kwanza wa daftari andika tarehe hizo mbili kwa wino mwekundu. Bando nunua la siku, si la saa. Na vilabu vinavyouza tiketi ya kutazama kwa mtandao, lipia mechi mbili tatu kubwa tu kwa msimu, zile za timu yako na yule adui. Zilizobaki zisome kwa alama, nimeshakufundisha.

Magharibi ndiyo shughuli. Novemba jua letu linazama mapema, na mpira wa saa kumi na mbili unaanza mwadhini naye anaanza. Usijitie kuhangaika. Nenda ukasali, ukirudi utakuta dakika ya ishirini na kitu, na kwa raga hapo bado watu wanapimana. Ramadhani ya 2026 ni ya Februari na Machi, kwa hiyo futari ni ndani ya nusu ya kwanza. Mimi huweka simu kifudifudi mpaka tende ya tatu.

Kumweleza mtu mwingine

Msimu mzima peke yako utachoka. Tafuta mtu wa baraza. Wangu ni Ami, ndugu wa marehemu baba, nahodha mstaafu, ambaye hukaa mbele ya duka kuanzia alasiri. Nilimwonyesha mechi ya Coventry kwenye simu. Akatazama kimya muda mrefu, kisha akasema, "Watu hawa wenda mbele, mbona mpira wautupa nyuma?"

Hilo ndilo swali la kila mgeni wa raga, na vitabu hulijibu kwa kusema ni sheria. Nilitaka kusema hivyohivyo. Lakini Ami aliinyosha shingo, akaufuata mpira kwa kidole juu ya kioo: upande huu, umerudi kidogo, upande ule, umerudi kidogo, na kila mara kundi zima limesogea hatua mbili mbele. Akacheka. "Kumbe wabisha!"

Ndivyo. Upepo ukiwa usoni, chombo hakiendi moja kwa moja, hupigwa bisha, kulia na kushoto, na mtu wa pwani anayetazama huona kama kinakwenda siko. Tangu siku hiyo simfundishi mtu raga bila kuanzia hapo. Skramu nayo, pale wanane wa huku wanapoinamiana na wanane wa kule na kusukumana, waambie watu ni kama kushua jahazi, isipokuwa kuna mahasidi upande wa pili wanaolirudisha. Wataelewa kwa nini kila mtu anangoja sauti moja ya kusukuma, na kwa nini akisukuma mmoja peke yake shingo ndiyo inayolipa. Sheria nyingine waache wazipate njiani. Refa mwenyewe huzieleza kila dakika mbili na bado wanagombana.

Januari

Kuna majuma ambayo daftari halitaandikwa kitu. Uwanja umeganda. Refa anakuja asubuhi, anakanyaga nyasi kwa kisigino, anaona ni ngumu kama sakafu ya saruji, mechi inaahirishwa. Andika "imeahirishwa" kwa penseli, acha nafasi, kwa sababu itarudi siku ya ajabu mwezi wa tatu na ukishaisahau jedwali lako litapotoka mpaka mwisho. Huku kaskazi inavuma, wageni wamejaa Shela, mimi nauza rangi kuliko miezi yote. Januari nisingeitazama raga hata wangecheza.

Kupanda daraja, na kurasa za Jersey

Sasa ule ugomvi wa walio juu. Mtu atakuambia maana ya daraja la pili ni kupanda la kwanza. Fungua ukurasa wa Ealing Trailfinders, wa magharibi mwa London. Wamemaliza wa kwanza 2022, 2024 na 2025. Wamepanda mara ngapi? Hawakupanda. Mwaka 2022 walikataliwa kwa sababu uwanja wao haukutimiza sharti la kuingiza watu 10,001. Elfu kumi na mmoja! Ninauza kamba kwa futi na hata mimi siwezi kumwambia mteja upuuzi huo. Upande wa pili, vilabu vya ligi kuu vilivyokuwa ndani ya geti vilianguka kwa madeni: Wasps na Worcester mwaka 2022, London Irish 2023. Worcester walirudi mwaka 2025, kwenye daraja hili la pili, baada ya miaka mitatu bila kucheza. Kwa hiyo usiifuate ligi hii ukingojea nani atapanda. Utazeeka. Ifuate kama unavyofuata mtaa: nani yupo, nani anadaiwa, nani amepaka rangi.

Jersey Reds walikuwa mabingwa msimu wa 2022–23. Mara yao ya kwanza. Nilimnunulia Ami soda na watoto wa mtaani haluwa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini. Msimu uliofuata ulianza Septemba 2023 kwa kombe, ambalo mwaka ule timu za daraja la pili zilichanganywa na za ligi kuu, na Jersey wakaifunga Bath. Bath wa ligi kuu! Kwa furaha nikaiandika kwenye ukurasa wa ligi, kosa ambalo wewe usilifanye: kombe liwe na ukurasa wake nyuma ya daftari, pointi zake hazihusiani na jedwali. Nikasema nitafuta kesho.

Mwezi huohuo, Septemba 28, klabu ikatangaza imesimama. Fedha zimekwisha. Ligi ikaendelea na timu 11, kila juma moja inapumzika, na kwenye daftari langu Jersey Reds wana mstari mmoja tu kwa msimu wa 2023–24, ushindi na pointi zake, ambao haukustahili kuwa pale. Sikuufuta. Hesabu za mwaka ule hazikai sawa mpaka leo kwa pointi hizo, na sitaki zikae.

Mwaka huu nimemkabidhi mpwa wangu daftari jipya, yuko kidato cha pili na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Amechagua Worcester, eti kwa sababu wamewahi kufilisika na wamerudi. Nimemwandikia tarehe mbili kwa wino mwekundu, nimemchorea safu tano, nimemweleza nyongeza mpaka Ami akasinzia. Jumamosi ya kwanza akaniletea kwa fahari.

"Mjomba, nimemaliza zote."

Nikapitisha kidole juu ya mistari. Nottingham, alama 4.

Nikampa ufutio.